"Kwetu Hakuna Watu wa Hivi": Usonji, Jeni na Lawama za Ukoo

Mtoto mwenye usonji (autism) akiletwa kliniki hapa Kigoma, awe wa Ujiji au Kasulu, kauli hiyo haikawii. Msemaji huwa shangazi au bibi mzaa baba, na mama wa mtoto ameinamisha kichwa. Wote chumbani wanaielewa: kama ni jeni, basi imetoka kwa mama.

Si kweli. Badiliko la jeni, yaani la maelekezo ya mwili yaliyoandikwa kama kwa herufi, si lazima lirithiwe. Kila mtoto, mwenye usonji na asiye nao, huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo wazazi wake hawana. Ni makosa ya kunakili yaliyotokea yai au mbegu ilipotengenezwa. Mengi hayana madhara. Lakini moja likiangukia kwenye jeni inayojenga ubongo, kama SHANK3 au CHD8, nakala moja iliyoharibika yaweza kutosha kuleta usonji na kuchelewesha kusema.

Na kwa kuwa kikao kinatafuta wa kulaumiwa: takribani robo tatu ya mabadiliko hayo mapya hutoka upande wa baba. Mbegu za mwanamume hutengenezwa hadi uzeeni, na kila mwaka wa umri wake huongeza badiliko moja au mawili. Hapo shangazi hunyamaza. Baba naye hana kosa, maana hakuna anayechagua herufi ipi ikosewe.

Kuna hali ambayo kweli hupitia kwa mama, nayo ni X tete (fragile X), inayoweza kuleta ulemavu wa akili na usonji. Kwenye jeni ya FMR1 kipande kimoja hujirudia. Mama akiwa na marudio 55 hadi 200, yaweza kuongezeka na kuvuka 200 kwa mtoto. Lakini mama huyo huenda aliipokea kwa baba yake. Kwa hiyo, kabla ya kutoa damu ya kupima, chora ukoo vizazi vitatu na uulize upande wa mama: nani hedhi ilikoma kabla ya miaka 40? Babu yupi, baada ya miaka 50, anatetemeka mikono na kuyumba akitembea? Hizo zaweza kuwa dalili za mwenye marudio 55 hadi 200.

Wazazi wakipimwa na kukutwa hawana badiliko la mtoto, haina maana kwamba maabara imekosea. Badiliko jipya ndivyo lilivyo. Uwezekano wa mdogo wake kulipata ni kama asilimia 1, kwa kuwa laweza kujificha kwenye baadhi ya mayai au mbegu. Sababu isipopatikana, uwezekano wa mdogo kuwa na usonji ni kama asilimia 20. Tunapima ili kujua tofauti hiyo. Kesi ya ukoo haituhusu.

"Damu itaonyesha kama ana usonji." Haionyeshi. Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kuhoji wazazi. Damu hutafuta sababu, na wengi hurudi bila jibu. Zinatosha mililita 2 hadi 4, kwenye chupa ya kizibo cha zambarau, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Ikiganda, mtoto atachomwa tena.

"Hayo madoa ni fangasi." Madoa meupe matatu au zaidi, kila moja angalau milimita 5, yasiyokubali dawa ya fangasi, kwa mtoto mwenye degedege: mpelekeni akachunguzwe jeni za TSC1 na TSC2, ambazo zikiharibika huotesha uvimbe kwenye ubongo na figo, na figo zipigwe altrasaundi.

"Amerogwa." Binti aliyekuwa akishika kijiko, kati ya mwaka mmoja na minne akaacha, akawa anasugua viganja kama anayenawa, fikirieni MECP2, jeni ambayo ikiharibika huleta ugonjwa wa Rett, kabla ya kumshuku jirani.

Chanjo hazileti usonji. Na kabla ya kumkata mtoto chini ya ulimi ili aseme, pimeni masikio.

"Kama ni jeni, hakuna la kufanya." Jeni itabaki vile vile, ila mtoto hujifunza. Weka kipande cha samaki mgebuka kisicho na mwiba mahali anapokiona na hakifikii. Nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Akinyoosha kidole au akitoa "m" tu, mpe palepale ukisema neno moja: "mgebuka". Usimwambie "sema, sema". Rudia kila mlo, kwa vipande vidogo ili aombe mara nyingi. Anayeliharibu zoezi hili kwa kawaida ni bibi: anampa kabla hajaomba.