Kipozeo cha oili ya giaboksi: kinafanya nini, na pikapu ipi inakihitaji

Kipozeo cha oili ya giaboksi ni rejeta ndogo inayofungwa mbele ya gari. Oili ya giaboksi ya otomatiki inatoka ikiwa ya moto, inapita ndani yake, inapigwa na upepo, kisha inarudi kazini. Mafundi wengi wanakiita oili kula. Magari mengi ya otomatiki yanatoka kiwandani na kipozeo chake. Tunachozungumzia hapa ni kile cha kuongeza, ambacho mwenye gari ananunua na kufungiwa gereji, hasa kwenye pikapu iliyobadilishiwa programu ya injini, kuwekewa tabo kubwa au matairi makubwa kuliko ya awali. Pikapu ya gia za mkono, kama zilivyo nyingi zinazopandisha na kuteremsha mizigo kati ya Mtwara na Newala, haihusiki kabisa. Hiyo ina klachi ya kukanyaga, na klachi hiyo ina kesi yake nyingine.

Wengi wanadhani giaboksi inapata joto kwa sababu meno ya gia yanasagana. Joto hilo lipo, ila ni dogo. Mzalishaji mkuu ni toki konveta, lile bakuli la chuma lililokaa kati ya injini na giaboksi. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na injini na kurusha oili kwenye gurudumu la pili, ambalo ndilo linalosukuma giaboksi. Hayajashikana; yanaunganishwa na oili tu. La kwanza likizunguka kasi kuliko la pili, nguvu inayopotea katikati inageuka joto, na joto lote linaingia kwenye oili. Gari likishachukua mwendo, klachi ndogo iliyomo humo, inayoitwa lokapu, inayafunga magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, na joto linashuka sana.

Ndiyo maana safari ya kutoka Mtwara hadi Lindi kwa lami, hata ukikimbia, haiisumbui giaboksi isiyo na hitilafu. Lokapu imeshika, upepo ni mwingi mbele, oili inapoa. Sasa peleka pikapu hiyohiyo ufukweni Msimbati, mahali ambapo watu wanashuka na magari hadi kwenye mchanga. Gari linatambaa kwa mwendo wa mtu anayekimbia, injini inalia kwa mizunguko 3,000, lokapu imeachia, na upepo wa mbele ni wa feni tu. Likizama kidogo na dereva akaendelea kukanyaga huku matairi hayazunguki, nguvu yote inayotoka kwenye injini inageuka joto ndani ya oili. Yote. Nusu dakika ya hivyo inaweza kupandisha joto kuliko saa nzima ya barabarani. Kuvuta trela la boti kulitoa majini ni mateso ya aina hiyohiyo.

Hapo ndipo nguvu za kuongeza zinapoingia. Injini iliyoongezwa nguvu haizalishi joto la ziada kwenye giaboksi inapotembea taratibu, kwa sababu nguvu hizo hazitumiki. Inalizalisha unapokanyaga mpaka mwisho, na kwa bahati mbaya hicho ndicho watu walichoilipia. Matairi makubwa ni adui wa kimyakimya zaidi: yanaifanya gia iwe nzito, konveta inateleza muda mrefu, lokapu inachelewa kushika.

Oili ya otomatiki inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Kanuni ya mafundi ya siku nyingi inasema kila nyuzi 11 zinazoongezeka juu ya 80 zinakata maisha ya oili kwa nusu. Ni kanuni ya kukadiria, na oili za kisasa zinavumilia zaidi, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Ikipita 120 kwa muda mrefu inaanza kuungua, sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu, na klachi za ndani zinaanza kuteleza. Klachi zikiteleza zinazalisha joto jingine, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda mteremko.

Kipozeo cha kiwandani mara nyingi kimefichwa ndani ya tangi la rejeta ya injini, kimezungukwa na maji. Watu wanakidharau kwa sababu maji hayo yana nyuzi 90 hivi. Mimi sikidharau. Maji yanachukua joto haraka kuliko upepo, na kwenye mchanga wa Msimbati, ambako upepo haupo, ndicho kinachokuokoa. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendelea ni oili itoke giaboksi, ipite kwanza kwenye rejeta, kisha iende kwenye kipozeo cha kuongeza, ndipo irudi. Ukigeuza, rejeta inaipasha tena oili uliyokwisha kuipoza.

Wanaoruka rejeta kabisa wana hoja moja nzito. Kipozeo cha ndani kikitoboka, maji na oili vinachanganyika na giaboksi inakufa. Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za soko la Marekani za mwaka 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya kwa jambo hilo. Dalili yake ni oili yenye rangi ya waridi na povu. Ukiwa na gari la jamii hiyo, rejeta mpya ni kinga bora kuliko kukwepa rejeta iliyopo.

Kwa aina ya kipozeo, chagua cha sahani zilizopangwa, wala si cha bomba moja lililokunjwa mara kadhaa. Kwa ukubwa uleule, cha sahani kinatoa joto zaidi na hakibani sana mkondo wa oili. Kifungwe mbele ya kondensa ya AC kwa vishikio vya chuma vilivyofungwa kwenye fremu. Zile tai za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta zinauzwa pamoja na vipozeo vingi, na kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo zinasugua mpaka zinatoboa. Mabomba ya kuingilia yaelekee juu au pembeni ili hewa isinaswe ndani. Mpira uwe wa oili ya otomatiki, mara nyingi wa milimita 10. Mpira wa maji au wa petroli unaonekana sawa siku ya kufunga, kisha unaharibika na kuchomoka, na giaboksi inaweza kumwaga oili yake yote ukiwa bado unatafuta mahali pa kusimama. Huku pwani kuna na chumvi: boliti za chuma zinazogusa alumini moja kwa moja zinaila taratibu, basi weka washa za plastiki katikati.

Kabla ya kununua chochote, pima. Skana ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, inayosoma kwenye simu, inaonyesha joto la giaboksi kwenye magari mengi ya karibuni. Endesha kazi yako ya kawaida, mlima wa Newala ukiwa na mzigo au mchanga, utazame. Usipovuka 100, hela hiyo ifanyie kitu kingine. Pima pia hali ya oili: dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu inayosambaa ni salama. Ya kahawia, yenye kituo cheusi katikati na harufu ya kuungua, inamaanisha klachi zimeshaanza kuisha, na hakuna kipozeo kitakachozirudisha.

Kipozeo kikishafungwa, mfumo unabeba oili zaidi, mara nyingi kati ya nusu lita na lita moja. Iongezwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Toyota inayotaka WS, aina ya oili ya otomatiki ya Toyota yenyewe, isichanganyiwe na oili nyingine kwa sababu tu zote ni nyekundu. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Zinapimwa kwa boliti ya pembeni au ya chini, injini ikinguruma na oili ikiwa kwenye joto maalumu lililotajwa na kiwanda. Fundi akikuambia atakadiria kwa macho, tafuta fundi mwingine.