Setilaiti moja, vituo kumi, na ugomvi wa sentimita mbili

Juzi kijana mmoja wa upimaji kanitumia meseji, "shikamoo bro, nimeshusha obiti (njia za setilaiti angani) za GPS za IGS, ile huduma ya kimataifa inayozikokotoa kwa usahihi, nikalinganisha na zile setilaiti inazozirusha yenyewe, kimo kinapishana zaidi ya mita, sasa nani kakosea hapo?" Nikamjibu marahaba mdogo wangu, hakuna aliyekosea, kila mmoja kakupimia sehemu yake ya chombo kilekile. Obiti ya matangazo inakwambia antena iko wapi maana signo inatokea hapo, ila faili la IGS linakwambia kitovu cha uzito kiko wapi kwa sababu mvutano wa dunia unashika uzito, haujui habari za antena. Kati ya hivyo viwili kuna kama mita moja mpaka mbili na nusu hivi, inategemea setilaiti ni ya kizazi gani.

Sasa hilo swali lake ndo kazi yenyewe tunayohangaika nayo. IGS imeanza rasmi 1994, na haina ofisi moja inayokokotoa obiti, ina vituo vya uchambuzi kama CODE pale Bern, JPL California, GFZ Potsdam, ESOC Darmstadt, MIT, wenzetu wa Toulouse, Wuhan na kadhalika, wote wanachota data za risiva (vipokea signo) zilezile zilizotapakaa duniani (Malindi imo, Mbarara imo, Kigali imo) halafu kila mmoja anapika jikoni kwake kwa programu yake, mwisho zinakusanywa zinapewa uzito kulingana na zinavyokubaliana, inatoka obiti moja. Ile ya mwisho kabisa unaisubiri wiki mbili hivi lakini ubora wake ni kama sentimita 2.5, kwa kitu kilichoko kilomita 20,200 juu!

Kukubaliana fomati ilikuwa rahisi. Faili ni SP3, fomati iliyotoka NGS, idara ya upimaji ya Marekani: mahali kwa kilomita, saa ya setilaiti kwa maikrosekunde, kawaida kila dakika 15, na saa ikikosekana unaandika 999999.999999. Rahisi lakini inauma ukizembea. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kaskripti nikasoma muda wa faili kama UTC, yaani muda wa kawaida wa dunia, wakati ni muda wa GPS, na tangu Januari 2017 hivyo viwili vinapishana sekunde 18. Setilaiti inakimbia karibu kilomita 3.9 kwa sekunde, piga hesabu, kilomita 70! Siku mbili nzima nalaumu risiva.

Ngoma nzito ni fizikia. Mwanga wa jua unaisukuma setilaiti, hilo kila kituo kinaliweka, ila kuna mwanga mwingine unaogonga dunia kwanza ndo unarudi juu kuisukuma. Zamani wengine waliuhesabu wengine hawakuuhesabu, na tofauti yake ni sentimita 1 mpaka 2 za kimo cha obiti. Yaani mnajumlisha watu wanaopishana sio kwa makosa, kwa imani.

Halafu kuna kivuli. Setilaiti inajizungusha ili mabawa yake yaangalie jua, ikiingia nyuma ya dunia jua halionekani tena, sasa inazunguka vipi humo gizani? Kila kituo kilikuwa na dhana yake, na antena ikizunguka raundi moja nzima kipimo cha umbali kinabadilika kwa urefu wa wimbi zima, la L1 (masafa makuu ya GPS) ni kama sentimita 19, na hilo linajificha kwenye saa ya setilaiti. Ukichanganya saa za vituo viwili vyenye dhana tofauti unapata uji. Ndo maana sasa hivi kuna fomati ya kupeana hata mkao wa setilaiti, inaitwa ORBEX.

Na mkikubaliana kubadilisha kitu mnabadilisha siku moja wote. Novemba 2006 tulihamia vipimo vipya vya antena, Novemba 2022 tukahamia IGS20, yaani fremu mpya ya kupimia mahali duniani. Usipojua tarehe hizo utaona stesheni yako imeruka milimita kadhaa utadhani ardhi imetetemeka, na kwa sisi tunaofuatilia Bonde la Ufa linalopanuka milimita chache tu kwa mwaka, hiyo sio kelele ndogo.

Watu huniuliza, si wote watumie programu moja yaishe? Hapana aisee. Wote wakitumia Bernese, programu ya kule Bern, kosa la Bernese litakubaliwa na wote, watapatana vizuri kabisa mahali ambapo setilaiti haipo. Sawazisha maana ya kila namba, na modeli ambazo zina jibu linalojulikana, lakini jiko waachie.

Kwa hiyo kabla hujatumia faili lolote fungua kichwa chake kwanza, tafuta mstari wenye neno PCV, hapo umeandikiwa antena za toleo gani na modeli gani ya mzigo wa bahari, yaani maji yanavyoibonyeza ardhi. Wengi wanauruka kwa sababu una alama ya maoni mbele, wanadhani ni mapambo.

Yule dogo nilimwambia achukue faili la ANTEX, lile la vipimo vya antena, la toleo hilohilo, ahamishe antena mpaka kwenye kitovu cha uzito, ndo alinganishe upya. Saa nne usiku karudi, "bro imebaki nusu mita tu." Hiyo nusu ni ya matangazo yenyewe, aiache hapohapo.