Kumkaribisha Samaki Mwoga kwenye Tangi la Maji ya Chumvi

"Fundi, ulituletea samaki au mawe?" Swali hilo nimelizoea. Huja siku moja au mbili baada ya mgeni kuingia tangini. Mwenye nyumba ametoa pesa nzuri, jamaa wameitwa waje watazame, na kilichopo nyuma ya kioo ni mawe, maji na wenyeji wa siku zote. Jibu langu halibadiliki: mama, zima taa, usimmulike kwa tochi, na jiwe hata moja lisiinuliwe. Aliyejificha hajapotea, na mara nyingi haumwi.

Kazi yangu ni kutunza matangi ya maji ya chumvi hapa Kisumu, mji wa ziwa la maji baridi, na samaki anayeniletea simu hizo zaidi ya wote ni kometi, Calloplesiops altivelis. Ni mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima, na mapezi yake ni mapana kuliko unavyotarajia. Anaishi kwenye matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani hii yetu hadi Pasifiki. Hukua kufikia sentimita 20 hivi, kwa hiyo simpeleki kwenye tangi lisilofika lita 200. Mchana hukaa kwenye nyufa. Jua likizama ndipo anapotoka kuwinda. Akitishwa, huingiza kichwa kwenye tundu na kuacha mkia nje. Nyuma ya pezi la mgongo ana doa la duara, na mkia ule ukitokeza pangoni hufanana kabisa na kichwa cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Adui huona mkunga, akaenda zake. Samaki aliyeumbwa hivyo, ukimlaumu kwa kujificha unamwonea.

Taabu ya kometi wa Kisumu huanza mbali. Anavuliwa pwani, anafungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, anapita Nairobi, kisha anapanda basi la usiku kupitia Nakuru na Kericho. Kwenye njia hiyo kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa pwani huyasahau. La kwanza ni baridi: Mau Summit usiku wa manane si mahali pa samaki aliyezoea nyuzi 26. Boksi la staifomu lifungwe vizuri na likae ndani ya basi, wala si kwenye buti. La pili ni kimo. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mfuko uliojazwa hewa ukakaza kule Mombasa utafura kadiri basi linavyopanda. Mimi humwambia muuzaji auache mfuko ulegee kidogo na aufunge mara mbili.

Basi limefika, boksi liko mezani. Hapa ndipo nisipokubaliana na wengi. Mafundisho ya kawaida husema ufungue mfuko, uweke maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili au tatu, samaki azoee polepole. Kwa samaki aliyenunuliwa duka la jirani, sawa. Kwa aliyesafiri mchana na usiku, hapana. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua na kutoa kaboni dioksidi, na matamvua yake yanatoa amonia. Kaboni dioksidi hushusha pH ya maji, yaani huyafanya yawe na asidi zaidi, na pH ikishuka, sehemu kubwa ya amonia hugeuka kuwa amonium, ambayo haina ukali ule. Kwa hiyo uchafu ule ule ndio unaomlinda. Sasa wewe fungua mfuko: kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda ndani ya dakika chache, na amonium inarudi kuwa amonia inayounguza matamvua. Halafu unamwacha akae humo saa tatu kwa jina la kumzoesha!

Ninachofanya ni kumpigia muuzaji simu kabla samaki hajasafirishwa na kumuuliza swali moja: maji yako yana uzito gani wa chumvi? Wauzaji wengi huweka 1.019 au 1.020 (maji yasiyo na chumvi ni 1.000) ili kupunguza vimelea na kuokoa chumvi, ilhali tangi la nyumbani huwa 1.025. Samaki hustahimili kushuka kwa chumvi kuliko kupanda kwake. Basi naandaa tangi la karantini, la kumtenga mgeni, lenye chumvi sawa na ya muuzaji. Mfuko unaelea humo dakika 15 au 20 ungali umefungwa, joto lilingane. Kisha naukata, napima chumvi kwa rifraktomita kuhakikisha sikudanganywa, na samaki anahamishwa mara moja kwa chombo cha plastiki. Simtoi kwa wavu, maana mapezi yale hunasa. Maji ya mfuko yanamwagwa. Chumvi naipandisha siku zinazofuata, kidogo kidogo.

Karantini yenyewe ni wiki nne hadi sita, na hakuna mteja anayeipenda. Lakini ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans, ukiingia kwenye tangi lenye matumbawe hutaweza kuutibu humo, kwa sababu dawa ya shaba inayoua kimelea inaua pia kamba, konokono na matumbawe. Kometi hashikwi kirahisi na ugonjwa huo, ila anaweza kuingia nao akawaachia wenzake. Tangi la karantini halihitaji urembo: hita, kichujio cha sifongo na vipande vya mabomba ya PVC vya ukubwa tofauti. Mabomba hayo usiyapuuze. Mwoga akikosa pa kujificha atasimama kwenye pembe akihema, hatakula, na hofu yenyewe itamdhoofisha.

Kisumu ina shida zake. Tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya kimo hicho maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Mombasa. Maji ya chumvi nayo hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na joto la alasiri linazidi kuipunguza. Samaki jasiri atapanda juu maji yalipo na mawimbi, lakini mwoga atabaki pangoni, mahali ambapo maji hayatembei. Kwa hiyo naelekeza pampu moja ipulize nyuma ya mawe, si mbele tu panapoonekana, na kila mteja wangu ana pampu ya hewa ya betri kwa siku umeme unapopotea. Maji ya kuchanganyia chumvi yawe ya mashine ya RO, ile inayochuja maji hadi yabaki safi. Ya bomba yana klorini, na ya mvua iliyopita kwenye mabati huja na zinki.

Sasa wenyeji. Sisi wa kando ya ziwa hadithi ya mgeni tunaijua kwa upande mwingine: mbuta aliletwa Victoria miaka ya 1950, na fulu wetu wakaangamia kwa mamia ya aina. Tangini mambo hugeuka, mwenye meno ni mwenyeji. Samaki damseli mwenye urefu wa kidole, aliyekaa peke yake mwaka mzima, huamini kila jiwe ni lake. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, ni mrembo na ni jeuri. Ukiniuliza kabla hujanunua chochote, nitakwambia mwoga aingie kwanza na wajeuri waje mwisho. Wengi huniuliza wakiwa wameshanunua.

Kwao nina njia mbili. Moja ni kupangua mawe asubuhi ya siku ambayo mgeni ataingia, ili kila mmoja apoteze mipaka yake na waanze upya kutafuta makao. Nyingine, ambayo naiamini zaidi, ni kumweka mgeni ndani ya boksi la plastiki angavu lililotobolewa matundu na kuning'inizwa humo humo tangini kwa siku kadhaa, akiwa na kipande chake cha bomba. Wenyeji humwona na humgonga kupitia plastiki mpaka wanachoka. Simwachilii kabla hawajaacha kumjali. Na namwachilia usiku, taa zikiwa zimezimwa tangu magharibi na wenyeji wakiwa wameshiba.

Mapango yawe mangapi? Mengi kuliko unavyodhani. Wateja hutaka kuondoa mawe ili wamwone samaki, na hapo ndipo wanapomkosa kabisa. Mwenye tundu moja hatoki, kwa sababu akitoka huenda mwingine akaingia. Mwenye matundu matano yaliyo karibu karibu huthubutu kutoka hili kwenda lile, na humo njiani ndimo utakapomwona. Vilevile samaki wapole wanaoogelea hadharani, kromisi watano au sita kwa mfano, humpa mwoga habari kwamba hakuna hatari. Wao wakitulia, naye hutoka. Taa nazipunguza wiki ya kwanza, kisha naziongeza taratibu.

Kometi hula saa za magharibi, jua likizama. Wengi hukataa vya kugandishwa mwanzoni, hivyo naanza na artemia hai (vijidudu vya maji ya chumvi) au kamba wadogo hai, natia kwa bomba jembamba hadi kwenye mlango wa pango lake, nusu saa baada ya taa kuzimwa. Wenyeji nawalisha upande wa pili kwanza ili wasije kumpora. Akizoea mlo wa saa ile mahali pale, nachanganya na uduvi wa kugandishwa, halafu narudisha saa nyuma kidogo kidogo hadi anapokula taa zikiwaka. Kuna anayezoea kwa wiki moja na kuna wa miezi. Watu huniuliza kama omena atafaa. Omena mimi nampenda sana, kwa ugali. Samaki wa bahari nampa chakula cha bahari, maana mafuta ya samaki wa maji baridi si yale ambayo mwili wake umezoea.

Kutomwona siku nne si dalili ya ugonjwa. Dalili ni kuhema kwa kasi akiwa ametulia, ngozi kuwa na vumbi la dhahabu au vitone visivyokuwepo, mapezi kuraruka, au kukaa juu kabisa ya maji mchana kweupe. Kwa samaki wa aina hii, kujitokeza ghafla hadharani hunitia wasiwasi zaidi kuliko kujificha. Pima amonia kwanza, halafu joto, kisha tazama nani anamkimbiza.

Na kama una kamba warembo wadogo kwenye tangi lako, wale wa bei, fikiria tena kabla ya kuagiza kometi. Ni mpole kwa samaki wasioenea mdomoni mwake, lakini usiku huwinda, na kamba wako ndio hasa chakula alichozoea huko kwao.