Kamera "isiyoingia maji": neno hilo linaahidi nini hasa?

Kiswahili chenyewe kimetega mtego hapa. Ukisema "kamera isiyoingia maji", msikilizaji mwenye haraka anaweza kuelewa kwamba ni kamera isiyofaa kutiwa majini. Muuzaji anakusudia kinyume chake: itie tu, maji hayataingia ndani. Nilikuwa naucheka utata huo, mpaka kamera yangu, iliyoandikwa mita 15 kwenye boksi, ilipokufa katika maji ya kiunoni kabla hata dakika kumi hazijaisha. Siku hiyo ile maana ya kwanza niliiona ndiyo sahihi zaidi.

Haikufa kwa kishindo. Kioo kilipiga mistari, ikajizima, ikajiwasha yenyewe, ikajizima moja kwa moja. Nilipofika nchi kavu na kufungua mlango wa betri, likadondoka tone moja. Tone moja tu, na pembeni mwa mpira wa mlango kulikuwa na uzi mweupe wa taulo, mwembamba kiasi kwamba niliuona baada ya kugeuza mlango kwenye mwanga.

Kila aliyepatwa na haya hulalamika kwa maneno yaleyale: "Wameandika mita 15, mimi sikufika hata 2!" Malalamiko yana haki yake. Lakini yamesimama juu ya dhana kwamba namba ya kwenye boksi inaeleza kamera uliyoishika mkononi. Namba ile inaeleza jaribio. Inasema kwamba kamera ya aina hii, ikiwa mpya, imefungwa vizuri, iliwekwa kwenye maji ya namna fulani kwa muda fulani, ikatoka salama. Ni habari ya jambo lililokwisha kutokea, tena kwa kamera nyingine.

Ndiyo maana mimi napendelea neno "inayohimili maji". Kuhimili kuna mpaka ndani yake. Anayehimili mzigo anabeba mpaka hapo nguvu zitakapoishia, na mwenye akili haulizi tu "anahimili?", anauliza "kiasi gani, kwa muda gani, akiwa na hali gani?" Neno "isiyoingia maji" halikupi nafasi ya kuuliza. Linafunga mjadala.

Maswali hayo yana majibu, na majibu yameandikwa kwa herufi mbili na tarakimu mbili: IP. Huu ni utaratibu wa kimataifa wa viwango, IEC 60529. Tarakimu ya kwanza, 0 hadi 6, inahusu vumbi na vitu vigumu. Ya pili, 0 hadi 9, inahusu maji. Pakiwa na X badala ya tarakimu, maana yake upande huo haukutajwa kiwango. Si kwamba umefeli. IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, na zaidi kiasi gani anaamua mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo lazima aandike kina na muda. Hapa ndipo penye maandishi madogo. Boksi linapiga kelele "mita 15!", kitabu cha maelekezo kinanong'ona "kwa dakika 60", tena kinaongeza sharti la mpira kuwa safi na mlango kufungwa ipasavyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kufaulu mtihani wa juu wa kuzamishwa hakumaanishi umefaulu mitihani ya kumwagiwa kwa nguvu. IPX5 na IPX6 ni majaribio ya maji yanayorushwa kwa bomba: la kwanza hurusha lita 12.5 kwa dakika, la pili lita 100. Kifaa cha IPX7 kinaweza kukaa kimya nusu saa chini ya maji kisha kikaingia maji kwa kuoshwa chini ya bomba lililofunguliwa kwa fujo. Mtengenezaji akitaka kudai yote mawili, anaandika alama mbili.

Na maji yenyewe ya jaribio la kuzamishwa ni ya adabu sana. Yametulia, hayana chumvi, hayana sabuni, na joto lake haliruhusiwi kupishana na la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Sasa linganisha na siku yako ya kuogelea. Kamera imelala juani saa nzima juu ya taulo, mikono ina mafuta ya kujikinga na jua, mchanga kila mahali, halafu unaruka nayo.

Tuanze na jua, kwa sababu wengi hawalifikirii. Hewa iliyofungiwa ndani ya kamera ikiwa na nyuzi 45 kisha ikapoa ghafla hadi 20, mgandamizo wake hushuka kwa karibu asilimia 8. Kamera inageuka kinywa kinachonyonya. Ukipiga hesabu, mvuto huo ni sawa na kuiongezea kina cha sentimita 80 hivi, na inautumia wakati uleule mpira umepata mshtuko wa baridi. Baadhi ya vifaa vina kijiutando maalumu kinachopitisha hewa na kuzuia maji, ili mgandamizo wa ndani na wa nje ulingane. Ni ufundi mzuri, ila unategemea maji kuwa na ule ukaidi wake wa kujikusanya matone. Sabuni huuvunja ukaidi huo. Maji ya sabuni hupita penye tundu ambalo maji matupu yangekataa kupita, na ndiyo maana kuosha kamera kwa povu ni kosa hata kama kopo limeandikwa "laini".

Kuruka je? Ukijirusha kutoka urefu wa mita 3, unagusa maji kwa mwendo wa karibu mita 8 kwa sekunde. Mgandamizo unaotokana na mwendo huo unalingana na kina cha mita 3, na pale kwenye kile kishindo cha kwanza unaweza kupanda zaidi kwa kitambo kidogo. Wapo wanaodai kwamba hata kupunga mkono chini ya maji huongeza mita nyingi, hesabu haikubali. Mkono unaokwenda mita 2 kwa sekunde huongeza kama sentimita 20 tu. Kwa hiyo usiogope kuogelea na kamera. Ogopa kofi la maji unaporuka.

Lakini mhusika mkuu wa kisa hiki ni mpira. Kati ya mlango wa betri na mwili wa kamera kuna sili, yaani mpira wa kuzibia, mara nyingi ya umbo la pete, ambayo mafundi huiita oringi. Hati ya ubunifu wa pete hiyo kama tunavyoijua ilitolewa Marekani mwaka 1939 kwa Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark, na tangu hapo imeingia kila mahali, kuanzia bomba la jikoni hadi roketi. Kazi yake ni nyepesi kuieleza: inakaa kwenye mfuo, mlango unaibana, inajaa pengo. Maji yakisukuma, yanaisukumia zaidi kwenye pengo, inazidi kuziba.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndani yake kuna jibu la ule mshangao wa "sikufika hata mita 2". Kila mita 10 za kina huongeza mzigo wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mlango wa sentimita 2 kwa 3 ukiwa mita 10 chini unasukumwa ndani kwa karibu kilo 6, kana kwamba mtu ameukandamiza kwa kiganja. Juu juu, kwenye maji ya kiunoni, hakuna anayeukandamiza. Unashikiliwa na kitasa chake cha plastiki peke yake. Ndiyo maana wapiga mbizi huzichunga sana zile mita chache za mwanzo: kamera yenye uchafu kwenye mpira inaweza kulowa huko juu, kabla kina hakijaja kusaidia. Mita 15 za kwenye boksi zinahusu kamera yenye mpira safi, iliyofungwa vizuri. Hazikulindi dhidi ya uzi wa taulo.

Unywele mmoja unatosha, au chembe ya mchanga, au ile chumvi iliyokauka tangu safari iliyopita, ambayo chini ya mwanga inaonekana kama mstari wa unga mweupe kando ya mfuo. Kimoja tu kati ya hivyo kinauinua mpira kidogo upande mmoja, na hapo pana mlango wa pili ambao hukuufunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema. Hapa ufa wenyewe huuoni kwa macho.

Mpira pia huzeeka. Ukibanwa miaka mingi, husahau umbo lake na kubaki bapa. Ukiugusa kwa kucha haurudi. Baridi huufanya ukae mgumu. Hilo la baridi dunia ililijua kwa uchungu tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger kilipoharibika muda mfupi baada ya kuruka na watu 7 wakafa; oringi za roketi zilishindwa kuziba asubuhi ya baridi kali. Mwezi uliofuata, mwanafizikia Richard Feynman alichovya kipande cha mpira huo kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamati ya uchunguzi, akaonyesha kwamba ukibanwa ukiwa na baridi haurudi haraka. Kamera yetu ni jambo dogo mbele ya hilo, lakini tabia ya mpira ni ileile. Watengenezaji wengi hushauri sili zibadilishwe kila mwaka hata kama zinaonekana nzima. Nani hufanya hivyo? Mimi sikuwahi.

Zamani mwenye kamera hakuwa na nafasi ya kusahau. Nikonos, kamera ya filamu iliyotoka mwaka 1963 kutokana na kazi iliyoanzia kwa mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau na wenzake, ilishuka hadi mita 50 bila kuhitaji kasha, lakini mwenyewe alipaswa kuzitoa oringi, kuzifuta, kuzipaka grisi kidogo na kuzirudisha. Alikuwa nusu mpiga picha, nusu fundi. Kamera ya leo imeuficha mpira nyuma ya mlango mzuri wenye kufuli mbili, ukaonekana kama sehemu ya plastiki tu. Urahisi huo ndio uliotulaza usingizi.

Tutofautishe hapa jambo moja linalochanganywa kila siku. Ukungu ndani ya lenzi si lazima uwe uvujaji. Ukifunga mlango mahali penye joto na unyevu, umeifungia ndani hewa yenye mvuke. Ukiitia kamera kwenye maji baridi, mvuke hugeuka umande nyuma ya kioo. Ukiona ukungu unaoondoka kamera ikipata joto, huo ni umande, na dawa yake ni kufungulia milango mahali pakavu kabla ya safari. Ukiona tone linalotembea, usijidanganye.

Tone likiisha kuingia, kinachoua si maji hasa, ni umeme ndani ya maji. Betri ikiwa bado inasukuma umeme na maji yakiwa ya chumvi, shaba kwenye bodi huanza kulika hapohapo. Kwa hiyo zima, toa betri na kadi, usiiwashe "kuangalia kama bado ipo". Kama ni maji ya bahari, jambo linaloonekana la kichaa ndilo sahihi: suuza kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikauka ndani itaendelea kuvuta unyevu na kula shaba. Kisha ikauke siku kadhaa penye hewa inayopita. Mchele hauna msaada wa pekee, na vumbi lake hupata makao mapya.

Halafu inakuja dhamana. Sili ni kitu cha kutunzwa na mtumiaji, uharibifu wa maji haumo, kwaheri. Nilijibiwa hivyo. Mtu anajiuliza, kitu kimeuzwa kwa sababu ya maji, kinakataliwaje kwa sababu ya maji? Swali hilo limefika mbali kwa upande wa simu. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple yuro milioni 10, pamoja na mengine kwa kutangaza uwezo wa kuhimili maji bila kuweka wazi masharti ya maabara huku dhamana ikikataa uharibifu wa maji. Mwaka 2022 mahakama nchini Australia iliiamuru Samsung ya huko kulipa dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyoonyesha simu zikitumika kwenye mabwawa na bahari, wakati tundu la kuchajia liliweza kuliwa na kutu likichajiwa likiwa bado na maji. Kumbe tatizo halikuwa letu peke yetu wasiosoma maandishi madogo.

Kamera niliyonayo sasa nayo imeandikwa mita 15. Kabla ya safari natoa betri na kadi, nafuta mpira kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, naupitisha kidole mzunguko mzima, naweka kipande kidogo cha karatasi ya tishu mahali pa betri, nafunga, nazamisha kwenye beseni nusu saa. Naangalia viputo. Nikiifungua, huwa naitazama tishu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mara ya mwisho ilikuwa kavu, isipokuwa pembe moja, ambayo nadhani niliigusa kwa kidole chenye maji. Nilirudia beseni.