Oveni mpya: dhana potofu zinazoharibu keki

Dhana: Oveni ni mpya, kwa hiyo ukiiweka 180 ni 180.

Si lazima. Thamostati, yaani kidhibiti joto cha oveni, haigandishi joto mahali pamoja. Inawasha, joto linapanda na kupita kiwango, inazima, linashuka, inawasha tena. Hiyo 180 ni wastani tu wa kupanda na kushuka, na hata wastani wenyewe unaweza kukosea kwa nyuzi 10 au 20 ilhali oveni imetoka dukani leo.

Nunua kipimajoto cha oveni, ukitundike kwenye rafu ya katikati. Usikisome mara moja ukaridhika. Oveni ikishashika moto, kisome kila baada ya dakika chache kwa muda wa nusu saa, kisha utafute wastani. Ukiwa umeweka 180 ukapata 195, basi ukitaka 180 weka 165. Ningenunua hiki kabla ya mapambo yoyote ya keki.

Keki nayo husema. Ikifura katikati kama kichuguu na kupasuka juu, mara nyingi moto ulizidi: kingo ziliganda mapema, mchanganyiko wa katikati ukakosa pa kwenda isipokuwa juu. Ikibonyea, huenda umeitoa kabla haijaiva, au ulizidisha beking pauda.

Dhana: Taa ya kuonyesha joto ikizimika, oveni iko tayari.

Hewa ndiyo iliyofika kiwango. Kuta bado zinapata moto, na kuta ndizo zinazorudisha joto haraka ukishafungua mlango kuingiza keki. Ongeza dakika 10 hadi 15. Na ukishafunga, acha kuchungulia! Tazama kupitia kioo mpaka robo tatu ya muda ipite.

Dhana: Joto ni lile lile kila pembe.

Panga slesi za mkate mweupe zijaze rafu ya katikati, washa 180, uzitoe zikianza kubadilika rangi. Ya nyuma kushoto inaweza kuwa imeungua ukingo huku ya karibu na mlango imekauka tu, bado nyeupe. Zipige picha kama zilivyopangika. Hiyo ndiyo ramani ya oveni yako. Biskuti utazizungushia trei katikati ya muda, keki izungushe ikishashikamana.

Dhana: Feni iwashwe kila wakati.

Feni inafaa sana kwa trei mbili za biskuti, lakini punguza nyuzi 20 hivi kutoka kwenye kipimo cha mapishi, labda kama oveni yako inajipunguzia yenyewe. Keki laini mara nyingi hupendelea moto wa juu na chini bila upepo.

Dhana: Chombo chochote ni sawa.

Cheusi hufyonza joto zaidi, na chini ya keki huungua upesi. Punguza nyuzi 10 au 15.

Dhana: Tandika foili sakafuni isichafuke.

Usifanye hivyo. Foili inazuia mzunguko wa joto na inaweza kugandamana na sakafu ya oveni.

Dhana: Ikitoa moshi siku ya kwanza, ni mbovu.

Kwa kawaida ni mafuta ya kiwandani yanayoungua. Toa plastiki na karatasi zote, fungua madirisha, uiwashe tupu kwenye moto mkali kwa muda ulioandikwa kwenye kijitabu chake. Harufu ikishaisha, oka. Lakini ikiwa ni harufu ya waya au plastiki inayoungua, izime, chomoa umeme, umwite fundi.