"Atasema Tu": Miaka Tunayoipoteza kwa Kusubiri

Mtoto ana miaka mitatu na miezi minne na hajatamka neno hata moja. Akitaka maji humshika mama yake mkono na kumvuta hadi kwenye ndoo. Mama alitaka kumleta kwangu tangu mtoto akiwa na mwaka na nusu, nyumbani wakamkataza. Safari hii amekuja na bibi wa mtoto, na nilipomaliza kumwamkia bibi akaniambia kwa upole: "Mwanangu, subira yavuta heri. Baba yake naye alichelewa hivihivi, na leo ni fundi umeme."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikauliza swali ninalowauliza wote: mtoto huyu amewahi kupimwa masikio?

Hajawahi.

Nimefanya kazi ya tiba kwa vitendo kwa watoto, yaani kuwasaidia kwa mazoezi na michezo wamudu shughuli za kila siku, mwaka wa kumi na mbili sasa, na huyo fundi umeme nimeshakutana naye mara nyingi. Safari nyingine ni mwalimu, safari nyingine ni mjomba aliyesema akiwa na miaka minne na sasa hanyamazi. Kila ukoo una wake. Wale ambao hawakusema kabisa hawatolewi mfano, kwa sababu wengi wao walifichwa ndani wageni walipokuja, na wengine hawakuishi. Tunahesabu waliovuka tu, halafu tunasema mto hauna kina.

"Atasema tu, wa kiume huchelewa"

Sikatai kwamba wasichana, kwa wastani, huwatangulia wavulana kidogo katika kusema. Lakini tofauti hiyo ni ya wiki, au miezi michache. Haifiki miaka miwili. Sikatai pia kwamba watoto wengi wanaochelewa kusema wakiwa na miaka miwili huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Ndiyo maana imani hii haifi: mara nyingi anayesubiri huonekana alikuwa sahihi.

Shida ni kwamba katika umri huo hakuna awezaye kujua kwa kumtazama tu mtoto yupi atawafikia wenzake na yupi hasikii, yupi ana usonji, yupi akili yake inahitaji msaada wa kukua. Mimi siwezi, bibi hawezi, jirani hawezi. Wote wanne hunyamaza vilevile. Anayepimwa na kukutwa mzima amepoteza asubuhi moja na nauli. Asiyepimwa, kumbe hasikii, anapoteza miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa urahisi kuliko wakati wowote mwingine. Watoto wenye tatizo la kusikia wanaogunduliwa kabla ya miezi sita na kusaidiwa mara moja huwa na lugha nzuri kuliko wanaogunduliwa baadaye. Miezi sita, na sisi tunabishana kuhusu miaka minne.

Hata neno "kuchelewa" linatudanganya. Basi likichelewa bado liko njiani, nawe unakaa kituoni kwa imani. Mtoto anayechelewa huenda hayuko njiani kabisa mpaka mtu amwendee.

Msingoje maneno peke yake. Kwenye miezi tisa, ukimwita kwa jina anageuka? Akifikisha mwaka anapunga mkono, anakuonyesha anachokitaka? Mwaka na nusu awe na maneno machache yanayoeleweka hata kama ni mama yake tu anayeyaelewa, na miaka miwili aunganishe mawili. Hapo wazazi wa Kiswahili huwa wananiuliza kama "taka maji" inahesabika, maana hajasema "nataka". Inahesabika! Watoto wanaojifunza Kiswahili huanza kwa kuangusha viambishi vya mbele, na huvirudisha wenyewe. Usimkatize kumsahihisha, mjibu, "Unataka maji? Haya, maji haya."

Na yule aliyekuwa akisema "baba" na "gari" kisha akanyamaza, huyo mleteni wiki hiyohiyo, awe na umri wowote.

Kinachoniumiza zaidi ni kalenda. Chanjo ya surua hutolewa kwenye miezi tisa na kurudiwa kwenye kumi na minane. Baada ya hapo kadi ya kliniki inaingia sandukuni, na mtoto haonekani tena mpaka augue. Ni wakati uleule ambao lugha inatakiwa kuchipua. Kliniki ni ya mpaka miaka mitano, mama zangu. Si ya sindano tu.

Mjukuu wa yule bibi alipimwa. Sikio moja halisikii kabisa mazungumzo ya kawaida, la pili linasikia kidogo. Bibi alikaa kimya, kisha akauliza: "Kwa hiyo siku zote nilipokuwa nikimwita mkaidi, alikuwa hanisikii?"

"Kwetu mambo haya hayapo"

Yapo. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walipima watoto wa miaka sita hadi tisa vijijini, na matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto 61 kati ya kila 1,000 walikuwa na ulemavu wa wastani au mkali unaotokana na ubongo, mishipa ya fahamu, kusikia au kuona. Kwa watoto 80 ni kama watano. Huko Marekani, ambako huhesabu hata matatizo mepesi kama kigugumizi na kukosa utulivu, ni karibu mtoto mmoja kati ya sita wa miaka 3 hadi 17. Hesabu hizo mbili hazilinganishwi, kwa kuwa kila moja ilipima kitu chake, lakini hakuna hata moja inayosema "nadra".

Sababu zake mkunga yeyote anazijua: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, manjano makali yaliyoachiwa jua la asubuhi badala ya hospitali, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa njiti. Mara nyingine sababu haijulikani. Kumwambia mama kwamba alikiuka mwiko, au kwamba mtoto "kachezewa", ni ukatili, na humfanya amfiche.

"Akatwe udata, atasema"

Utando ulioshika ulimi ukizidi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye pengine sauti moja mbili. Hauzuii kuelewa wala hauondoi lugha yote. Mtoto wa miaka mitatu asiye na neno hata moja hakushikwa na utando. Kuhusu kukata kimeo sina maneno mengi: hakihusiki kabisa na kusema, na wembe ule nimeona watoto waliotokwa damu kwa sababu yake. Acheni.

"Lugha nyingi zinamchanganya"

Kisambaa kwa bibi, Kiswahili kwa mama, Kiingereza shuleni. Hazimchanganyi. Hesabu maneno yake ya lugha zote pamoja. Na kama bibi ndiye anayeshinda naye, bibi azungumze lugha anayoiweza vizuri, asilazimishwe Kiingereza cha kubahatisha.

"Mwaka umeisha, hajatembea"

Hapa wazazi wana haraka kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likaona kwamba kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na takriban 18. Wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea. Kigari cha kutembelea hakimfundishi chochote, ila humpeleka haraka kwenye jiko na ngazi. Canada walikipiga marufuku mwaka 2004.

Kumkalisha mtoto mzima kwenye shimo la mchanga ajifunze kukaa ni mazoezi, na wazee walijua walichokifanya. Kumfukia humo kwa saa nzima mtoto wa miaka miwili mwenye utindio wa ubongo si tiba. Viungo vyake vinazidi kukakamaa. Huyo anahitaji kiti cha kumshika vizuri na mtu wa kumfundisha mama namna ya kumbeba, na vyote viwili hupatikana bila gharama kubwa ukikutana na fundi seremala mwelewa.

Mkija, njooni na kadi, na kwenye simu mchukue video fupi ya mtoto akicheza nyumbani, dakika mbili zinatosha. Mbele yangu wengi hulia au hulala, na wale mnaowaona nyumbani siwaoni.