Mkono Ukinyamaza, Njoo Leo: Maswali ya Wagonjwa wa Mashine ya Figo, Dodoma

Swali: Kwa nini damu inaganda ndani ya mashine ya kunisafisha damu?
Jibu: Damu ikitoka kwenye mshipa na kugusa plastiki huanza kuganda. Ndiyo maana tunaweka heparini, dawa ya kuichelewesha.

Swali: Mnajuaje kama inaganda?
Jibu: Kwanza kwa macho. Chujio huanza kuwa na michirizi myeusi. Pili, tunasoma presha kwenye skrini: ile ya mpira unaorudisha damu mwilini ikipanda, kuna kinachoziba. Penye kipimo, tunachukua damu kidogo na kuhesabu sekunde hadi igande. Bila dawa huwa ni kama sekunde 70 hadi 120. Ukiwa na heparini tunataka zizidi hapo. Chujio likiganda lote, damu iliyomo hairudi, na inaweza kukaribia robo lita. Wengi wenu damu tayari ni pungufu! Kwa hiyo tukiuliza kama unameza aspirini, umeng'oa jino au umetokwa damu, tuambie ukweli. Dozi ya heparini inategemea jibu lako.

Swali: Fistula yangu, ile mishipa ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ivute damu, haingurumi tangu jana. Zamu yangu ni Jumatatu. Nisubiri?
Jibu: Hapana. Njoo leo. Kutonguruma kunaweza kuwa na maana kwamba damu imeganda ndani ya fistula yenyewe, na hapo mashine haina pa kuvutia damu.

Swali: Hata kama mkono hauumi?
Jibu: Hata kama hauumi. Fistula inaweza kuganda bila maumivu yoyote. Njoo leo.

Swali: Nikiukanda kwanza kwa maji ya moto, au nikiuchua?
Jibu: Usiukande, usiuchue. Unapoteza saa zenye thamani, na bonge linaweza kusukumwa mbele. Nafasi nzuri ya kuizibua iko ndani ya siku moja au mbili za mwanzo.

Mzee mmoja alifika Jumatatu kutoka upande wa Kondoa. Alipokunja mkono wa sweta nikaona alama ya kamba ya dumu imekata ngozi juu kidogo ya fistula. Nikaweka vidole: kimya. Nikaweka kipimo cha kusikilizia: kimya. "Sista, ulinyamaza Ijumaa usiku, nikasema nisiwasumbue wikendi." Siku hiyo alisafishwa damu kwa mpira uliowekwa shingoni, na fistula aliyoisubiri miezi ikomae haikurudi. Mzee wangu, ungetusumbua tu! Hospitali haifungwi wikendi.

Swali: Niepuke nini?
Jibu: Madumu na ndoo kwenye mkono huo, saa, bangili, mkono wa nguo unaobana, kuulalia. Usikubali kupimwa presha wala kutolewa damu hapo; hata kama ni nesi mwenzangu anayeng'ang'ania, mkatalie.

Swali: Niikague lini?
Jibu: Asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na usiku kabla ya kulala. Weka vidole vitatu juu ya fistula, usikie mtetemo. Usipousikia, panda gari, iwe Mpwapwa, iwe Manyoni, na upige simu kitengoni ukiwa njiani.